Ukurasa Uliobanwa

Jumatatu, 3 Machi

Leo mimi ni shujaa. Tovuti ya kliniki ilikuwa inazimika kila mwezi kabla mwezi haujaisha, data yote imeliwa. Nimebana kila ukurasa. Unasafiri ukiwa mdogo, kivinjari cha msomaji kinaufungua ukifika. Kwa kawaida seva, kompyuta inayotuma kurasa, hukiuliza kivinjari kwanza: wewe unajua kufungua? Nimeiambia isiulize, kila mtu apate uliobanwa, hata punje ya data isipotee. Nani siku hizi ana kivinjari kisichojua? Mganga mkuu amenipa mkono mbele ya wauguzi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa bandia.

Jumatano, 5 Machi

Data bado tele. Nimejipitishapitisha koridoni bila shughuli, nipongezwe. Aliyenipongeza ni mfagizi — alidhani nimetengeneza feni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepita kwa shangazi. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na anamsubiri daktari bingwa anayekuja kwetu kwa nadra. Siku yake hutangazwa kwenye tovuti. Shangazi husoma kwenye kompyuta kuukuu niliyomtengenezea mwenyewe: kivinjari cha maandishi matupu, herufi kubwa nyeupe juu ya weusi.

Leo kanyong'onyea. Cherehani yake kampa jirani. Anasema macho yamekwisha, kwenye skrini haoni herufi tena, ni vidudu tu vilivyoparaganyika. Nikamshika mkono. Nikamwambia pole. Nikala chakula chake, nikaaga. Mtaalamu mzima!

Jumamosi, 8 Machi

Nilikuwa napiga mswaki. Ikanijia, povu mdomoni. Si macho yake. Ni mimi.

Nimekimbia kliniki, nikaufungua ukurasa kwa kivinjari kama chake. Vidudu: hakijui kufungua. Mimi mwenye macho mazima sikuambulia hata neno. Nimeirudisha seva iulize: wanaojua kufungua wapate uliobanwa, wasiojua wapate ulio wazi. Na data iliyoongezeka? Haionekani hata ukiitafuta, maana wenye vivinjari kama chake ni wachache. Kumbe kuizuia seva isiulize kuliokoa punje tu.

Nikampigia. Shangazi, macho yako hayana neno, mimi ndiye niliyeharibu ukurasa. Akasema kwa upole: "Baba, tangu mdogo hujui kudanganya. Usinifariji." Daktari bingwa anakuja Jumatatu. Shangazi kashamwambia muuguzi nafasi yake apewe mwenye macho ya kuokolewa. Nimejisikia vibaya mno.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa kwa shangazi. Muuguzi kakubali kumshikia nafasi mpaka jioni ya leo, ila shangazi aiombe mwenyewe. Kompyuta nimeiwasha. Ukurasa umefunguka: herufi kubwa, nyeupe, safi kabisa. Nimemwambia ageuke asome.

Kaipa skrini mgongo. Anasema nimsomee mimi, kuna ubaya gani.

Nimekataa. Nimemwambia sisomi hata neno moja, asipoyaona mwenyewe hataamini.

Sasa kageuza kiti. Uso umeelekea skrini. Macho kayafumba.