Tundu la Kijani, Tundu la Pinki

Jumatatu, 3 Machi

Ujumbe kutoka kwa dada. Wa kwanza tangu aolewe – miezi kumi na mmoja! Ana mtoto wa kike, siku kumi na mbili. Jumapili saa kumi jioni atanipigia kwa video nimwone. "Usipopokea, nitaelewa."

Ataelewa nini? Kwamba bado nimenuna. Siku anaondoka alibeba laptop tuliyokuwa tukiitumia sote wawili. Nikamwambia, chukua, na usinitafute tena. Kwa ajili ya laptop! Kujikwaa ulimi kubaya.

Kamera ya simu yangu haioni tangu simu itumbukie kwenye beseni. Nikipokea kwa simu hiyo ataona giza tu. Atasema nimejificha.

Nitanunua kompyuta ya mezani. Laptop mpya siiwezi.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimesema maneno mawili. "Shikamoo" kwa mlinzi, "bado" kwa bosi. Kusahihisha prufu za vitabu kabla havijachapwa ni kazi ya macho; mdomo unaweza kuuacha nyumbani.

Jumatano, 5 Machi

Duka la kompyuta. Fundi ni mtu mzima, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Skrini niliyoipenda ina tundu la bluu la pini kumi na tano. CPU, lile sanduku lenyewe, haina hilo, ina lile bapa la HDMI. Akanitafutia skrini nyingine. Kibodi na kipanya, USB. Nikawa naandika kila kitu kwenye karatasi.

– Mwalimu, huo ni mtihani? fundi akanitania.

Nikacheka. Sauti yangu ikanishtua.

Akasema nisilazimishe waya hata siku moja. Tundu likikataa, ujue si lake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeunganisha mwenyewe, yote! Ikawaka. Nikatazama juu ya skrini, pale laptop yetu ilipokuwa na kile kijicho. Hakuna. Nikazunguka nyuma kama mjinga, labda kiko huko. Hakuna kamera, hakuna spika, na Wi-Fi haiijui.

Mimi niliyesoma mpaka chuo!

Ijumaa, 7 Machi

Prufu kurasa mia mbili na kumi. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi kwa fundi. Kanicheka mpaka miwani ikamshukia puani.

– Mwalimu, kompyuta ya mezani ni kama chumba cha kupanga. Godoro unakuja nalo mwenyewe!

Nimenunua kamera ndogo ya USB. Mtandao nitautoa kwenye simu, kwa waya wake wa kuchajia. Akauliza, na sauti je? Kamera hii haina maiki. Nikasema hedifoni ninazo, zenye maiki kwenye waya. Nilisema kwa maringo kidogo. Akanikumbusha: nyuma ya CPU, tundu la kijani ni la kusikia, la pinki ni la kusemea.

Waya wa hedifoni zangu una kichwa kimoja tu cha kuchomeka. Nimekichomeka kwenye kijani, nikacheza muziki. Safi kabisa. Kusema sikujaribu. Ningempigia nani?

Kisha nikawasha kamera. Uso wa kwanza kuingia chumba hiki tangu dada aondoke – wangu.

Jumapili, 9 Machi

Saa kumi na dakika tatu. Amepiga! Namwona. Amenenepa, kafunga kitambaa kichwani, mtoto begani. Namsikia hata anavyohema. Nimesema dada, dada, samahani – hanisikii. Nimehamishia waya kwenye pinki: kimya huku na huku. Nimerudisha kijani. Kichwa kimoja, matundu mawili! Kumbe ndivyo.

Nimemwandikia ujumbe, hasomi. Simu kaiegemeza mbali, mikono imejaa mtoto. Nikimpigia kwa simu hii inayonipa mtandao, picha itakatika.

Kaonyesha kidole: subiri. Nasubiri. Naandika nisilie mbele yake.

Shemeji kaingia. Anasema mtandao mbovu, hamsikiani, kata umpigie kesho.

– Nikikata hapokei tena, dada anamjibu. Namjua, malkia wa kununa.

Anacheka, lakini anapangusa jicho kwa kanga ya mtoto. Anadhani simsikii!

– Ile laptop hata sikuihitaji, anamwambia. Niliibeba makusudi. Nilidhani ataifuata.

Ee Mungu.

Nilikalia kinyongo miezi kumi na mmoja, kumbe mwenzangu aliniachia mlango wazi.

Naongea, anaona midomo tu ikicheza, anatikisa kichwa. Mtoto analia. Shemeji anasema, basi, mwache. Ananyoosha mkono kuelekea simu. Kalamu nene haipo – hii hii. Ukurasa mzima. Herufi kubwa, azione kutoka kule:

DADA USIKATE. NAKUSIKIA. NIMESIKIA YO–