Sabufa Ndani ya Gari Langu

Jumapili, 3 Septemba

Mdogo wangu Ermek amerudi na sanduku. Jeusi, kubwa, limevalishwa zulia, linajaza buti zima. Sabufa! Amelishusha uani taratibu kama anashusha bibi harusi. Mama akatoka jikoni na mikono ya unga kuja kulitazama. Akaligonga kwa kidole, akauliza ndani kuna nini. Ermek akasema hakuna kitu, mama, ni hewa. Basi umeuziwa hewa, akasema mama, akarudi kwenye unga wake.

Nilicheka. Kisha nikakumbuka kwamba buti lile ni langu.

Gari ni langu. Naliandika hapa kwa sababu hakuna pengine ninaporuhusiwa kulisema. Miaka yote ile ya kufunga redio na spika kwenye magari ya watu kule Moscow, vidole vikipasuka kwa baridi, ndiyo iliyolinunua. Usukani wa kulia, limetoka Japani, safi kabisa. Likaandikwa jina la Ermek kwa kuwa mimi sikuwepo. Ni karatasi tu, kaka, aliniambia kwenye simu. Sasa Warusi wamenifungia mlango, siingii tena, nimerudi kwetu Kochkor nalala jiko la nje — na ile karatasi imekuwa gari.

Nyumba ni yake, sibishi. Kitinda mimba wa kiume hubaki na nyumba na wazazi, ndivyo tulivyo, na mimi nilikosea kuzaliwa wa kwanza. Lakini gari? Gari halikuzaliwa humu ndani!

Mama ameniahidi. Viazi vikishachimbwa, alisema, Ermek atakurudishia gari, ufanye taksi, ujenge chako. Viazi vinachimbwa mwezi huu.

Mtu hafungi sabufa kwenye gari analokaribia kulirudisha.

Jumatatu, 4 Septemba

Anataka nimfungie mimi. Hakuniambia mwenyewe, amemtuma mama.

Kuna harusi At-Bashy, ng'ambo ya mlima Dolon, ya binti wa mjomba, Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Kutakuwa na msafara wa magari. Mama anasema gari letu likipita kimya watu watadhani tumetoka msibani. Letu!

Halafu Ermek akaingia na cheko lake lile. "Kaka, Warusi uliwafungia, mdogo wako unamnyima?"

"Warusi walikuwa wananilipa."

"Nami nitakulipa. Kwa heshima!"

Mama akacheka. Meerim, mkewe, akacheka chumbani alikojifungia na mtoto. Hata mtoto, arobaini haijatimia, nadhani alicheka.

Nimekubali. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hicho ndicho kitu pekee humu ndani ninachokiweza kuliko yeye. Nimemwambia akifika mjini Bishkek na abiria wake wa taksi anunue waya mnene, fyuzi na kikasha chake, na pete ya mpira ya kuweka kwenye tundu. Nimerudia. Waya mnene, fyuzi, pete ya mpira.

Alhamisi, 7 Septemba

Waya aliouleta ni plastiki tupu. Unene wote wa nje, ndani shaba kama uzi wa kushonea. Pete ya mpira hakuna. Fyuzi hakuna. Ila ameleta taa za buluu za kuweka chini ya viti!

Nikamweleza polepole, kama mtoto. Waya unatoka kwenye betri mbele, unapita kwenye tundu la bati, unakwenda mpaka buti nyuma. Ukichoka ukagusa bati, unawaka. Fyuzi inakaa pale pale kwenye betri, inakufa yenyewe ili gari lisife.

Akanisikiliza huku anajaribu taa zake. Akasema, kwani wewe unafunga ovyo mpaka waya uguse bati? Nilidhani wewe fundi wa Moscow.

Mama akamwambia aache utani. Lakini alikuwa anatabasamu.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimefunga. Siku nzima.

Kwanza nikawasha, yule dada wa Japani akasema maneno yake. Kila ukiwasha gari lile kuna sauti ya mwanamke inatoka kwenye redio, ya upole, ya Kijapani, hakuna anayejua inasema nini. Mama humjibu kila mara: asante binti, nawe pia uwe salama. Leo amemjibu akiwa kizimbani kwa kuku.

Redio ya kiwandani haina pa kuchomeka amplifaya. Lazima uibe sauti kwenye nyaya za spika za nyuma, uipitishe kwenye kidude cha kuipunguza, ndipo uipe amplifaya. Kazi ya subira. Niliifurahia, sitadanganya. Mikono ilikumbuka. Kwa muda nilisahau gari la nani.

Ikaja kazi ya waya wa kushika bodi. Ule lazima ushike chuma kitupu, la sivyo spika zinapiga mluzi kila ukikanyaga mafuta. Nikachukua msasa nikaanza kukwangua rangi ndani ya buti, mahali padogo, hata jicho halifiki. Ermek akatoka mbio ndani, chai mkononi.

"Kaka! Kaka! Usinikwaruzie gari langu!"

Langu.

Amelisema bila kufikiri, na ndiyo sababu limeniuma. Angelisema kwa ukorofi ningejibu. Lilimtoka tu, kama mtu anavyosema pua yangu. Mama alikuwa pale, anamwaga maji ya kuku. Alilisikia. Akaendelea kumwaga maji.

Nikakwangua kidogo. Nikafunga. Nikatoboa tundu kwenye bati la mbele, kingo zikabaki na meno, nikapitisha ule waya wake wa uzi. Pete ya mpira hakuna, nikazungusha utepe mara moja.

Na fyuzi? Ninayo moja. Iko kwenye sanduku langu la vifaa, na kikasha chake, nzuri, nilikuja nayo kutoka Moscow. Nilikuwa nimeshafungua kifuniko. Nikakifunga. Nikajiambia: si ni gari lake? Anunue.

Jumapili, 10 Septemba

Besi tangu asubuhi. Vikombe vinatembea kabatini. Mzee Sapar, jirani, alichungulia juu ya ukuta akauliza kama tunavunja nyumba.

Sauti ya yule dada wa Japani sasa inapitia sabufa nayo. Imekuwa nzito, kama ya mpiganaji wa mieleka. Mama akasema maskini, amepata mafua.

Nimemwambia Ermek zima. Nimemwambia tena zima. Anasema, kaka, abiria vijana pale stendi wanachagua gari lenye besi, gari likiwa kimya unabeba wazee na magunia ya viazi. Anaongeza.

Jumanne, 12 Septemba

Viazi vyote viko stooni. Mgongo umekatika. Nilingoja mama anywe chai, nikamuuliza kuhusu gari.

Akavunja mkate vipande, akavivunja tena vikawa vidogo zaidi. Akasema, Joldosh mwanangu, mwenzio sasa ana mke na mtoto. Akasema tungoje arobaini ya mtoto ipite. Akasema mwaka ujao Mungu akipenda. Halafu akasema, wewe una mikono, mwanangu, yule ana gari tu.

Nilikula ule mkate. Mama yangu amenilia miaka yangu huku ananiita mwanangu, na bado ninampenda, na hilo ndilo linalonikasirisha kuliko gari lenyewe.

Alhamisi, 14 Septemba

Ermek anasema kuna harufu. Akifungulia sauti yote, inatoka chini ya usukani, kama mpira umeungua. Aliuliza mezani, kwa utani utani, bila kunitazama.

Nikasema ni upya. Vitu vipya hunuka.

Limenitoka hivyo, laini kabisa. Naliandika ili nilione.

Mama akasema si upya, ni jicho la watu. Pale stendi wote wanamwonea kijicho mwanawe. Kabla ya harusi atalifukiza gari kwa tawi la archa, mti wa kufukuzia kijicho, harufu itaondoka. Ermek akasema sawa, mama, fukiza. Meerim aliinua macho kuniangalia, akayashusha haraka.

Ijumaa, 15 Septemba

Nimeichukua fyuzi. Kweli niliichukua. Nikaenda nayo mpaka kwenye gari, na bisibisi. Kazi ndogo tu ile, kabla chai haijapoa.

Ermek alikuwa anaosha magurudumu. "Kaka, usiegemee hapo. Nimeshapangusa."

Nikarudi nayo.

Jumamosi, 16 Septemba

Wameondoka asubuhi. Mama alivaa shali ile niliyomtumia mimi, akapakata mfuko wa maandazi ya boorsok ya moto. Alilizunguka gari na tawi la archa linalofuka, akaingiza moshi kila mlango, na hasa chini ya usukani, pale panaponuka. Ermek akakohoa hadi machozi. Kumepona, mama, akasema, sasa nasikia archa tu!

Mama aliniita nipande. Nikasema mgongo. Akaniita tena, akapigapiga kiti cha nyuma kwa kiganja, njoo mwanangu, binti wa mjomba wako huyu. Nikasema mgongo, mama.

Si mgongo.

Yule dada mwenye mafua akasalimu, mama akamjibu, wakaenda. Dirisha la jiko langu lilitetemeka mpaka walipoingia barabara kuu.

Nilikaa. Nilijaribu kulala. Halafu Meerim akaja na chai, mtoto kifuani, akabaki mlangoni. Hanitaji kwa jina wala hanitazami usoni, mimi ni kaka wa mumewe. Akasema, shemeji, samahani. Zulia la gari limeungua. Jana nililitoa kulikung'uta nikaona alama nyeusi, ndefu, pale mguuni kwa dereva. Ermek alinikataza nikwambie. Alisema utapata la kusema.

Nikauliza, nyeusi au kahawia?

Nyeusi, shemeji. Limetoboka.

Nimempigia Ermek. Inaita, haipokelewi. Nimempigia tena. Nani atasikia simu mle ndani? Nimempigia mama — simu ya mama imelia chumba cha pili, juu ya magodoro. Ameisahau. Meerim ameileta, ameishika inalia mkononi mwake, ananitazama usoni bila kushusha macho. Shemeji, kuna nini?

Nataka kujua wamefika wapi, nimesema.

Nimekimbia kwa mzee Sapar. Ana gari lake la zamani, Zhiguli. Hajauliza mengi. Anaiwasha, naisikia huku inakohoa nyuma ya ukuta, inazima, inakohoa. Naandika huku nangoja. Nilikuwa na fyuzi. Nilikuwa nayo! Nilitaka nini? Nilitaka iungue amplifaya. Nilitaka aje kwangu aseme kaka, nisaidie, gari lako limeharibika. Nilitaka aseme lako. Si hivi. Mama yumo.

Amepokea! Ermek amepokea!

Besi tupu. Nimepaza sauti. "Ermek! Zima! Simamisha gari!"

"Nini?"

"Zima! Zima muziki, shuka, mshushe mama!"

"Sisikii!"

"ZIMA!"

Akacheka. Nilimsikia akigeuka. "Mama, ni kaka! Hata huku katufuata na zima yake!" Halafu sauti ya mama karibu na simu, anacheka naye, furaha imemjaa. Mwambie asinune, tunamletea nyama yake. Mwambie tunaanza kupanda Dolon. Na mwambie archa ya mwaka huu ni kali — mpaka sasa gari zima linanukia moshi.

Ikakatika. Kule mlimani hakuna mtandao.

Moshi wa archa hauvuki hata daraja la hapo chini, huwa umeshaisha.

Meerim hajaondoka mlangoni. Amesikia yote. Anauliza tena, polepole, anamfunika mtoto kichwa kwa mkono wake: moshi gani, shemeji?

Zhiguli imewaka. Sapar anapiga honi. Fyuzi nimeitia mfukoni, sijui naipeleka wapi