Baiskeli ya Baba Mkwe Kwenye Treni ya Asubuhi

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijapoteza kazi na nyumba kwa pamoja.

Mimi ni mkaguzi wa tiketi kwenye treni ya asubuhi, ile ambayo ukishaingiza mguu mmoja wa pili unautafutia nafasi, na mizigo nayo naiangalia mimi, kwa sababu behewa la mwisho lina kona moja tu ya mizigo na baiskeli, na kona yenyewe hujaa mapema, masanduku chini, mabegi juu, mabeseni ya wachuuzi juu ya mabegi, na anayechelewa husimama mlangoni na mzigo wake kifuani. Sasa katika hao wachelewaji yumo baba mkwe wangu, fundi viatu, ambaye kila siku akienda kwenye kibanda chake cha kazi huingia na baiskeli kubwa nyeusi, na abiria wakianza kunung'unika wenzangu wananitazama mimi.

Nilivumilia mpaka siku treni ilipofunga breki na pedeli ikamchana muuguzi mmoja mguuni, akaenda kushtaki, na mkuu wa stesheni akaniita, akasema, "Hapa kazini huna mkwe. Asubuhi baiskeli zibaki kwenye banda la stesheni. Nikiiona tena ndani, mtashuka wote wawili." Jioni nikamweleza baba kwa adabu zote, nikijua atawaka, maana ni mtu wa maneno, lakini alisema tu, "Sawa, mwanangu."

Kesho yake akaiacha bandani. Nilikuwa mlangoni nahimiza watu, nikamwona ameshika nguzo ya stesheni, si mbali nami, nikamwita, "Baba, njoo, nafasi ipo," akaiachia nguzo, akapiga hatua moja, magoti yakamlegea, akairudia akaikumbatia, macho yetu yakakutana, nikaelewa kwamba baiskeli ile haiendeshi tena, anaiegemea. Milango ikajifunga, treni ikamwacha, na mimi nimo ndani.

Niliporudi nyumbani aliniita pembeni. "Wewe umeona," akasema. "Yaishie kwako. Mumeo akijua atanifungia ndani, na mimi nikifungiwa ndani sitaishi." Nikaahidi. Sasa mume wangu kasikia kwa majirani kwamba baba yake aliachwa stesheni, ameninunia, anasema nimemfungia mzee mlango ili niwapendeze wakubwa zangu, na mzee mwenyewe yupo hapo hapo mezani, anakula ameinama, hanitetei, na tangu siku hiyo kibandani hajaenda. Nivunje ahadi niiokoe ndoa, au niifumbie macho baiskeli nipoteze kazi?

Mkwe Mkaguzi

MSHAURI ANAJIBU

Pole sana, dada yangu. Umesimama katikati ya watu wawili unaowapenda, na kila mmoja anakuvutia kwake.

Baiskeli usiifumbie macho hata asubuhi moja. Tayari mtu ameumia. Na mzee ambaye magoti hayamshiki, akiegemea kitu chenye magurudumu ndani ya treni inayoyumba, siku akianguka abiria wote watamwangukia. Mkuu wako alisema kwa ukali, lakini alisema kweli.

Kwenye ahadi nitakugombeza kidogo. Uliahidi kwa huruma, ila ulichoahidi ni kuficha ugonjwa. Nani amekwambia ni uzee tu? Magoti yanayolegea huenda yana dawa, na ninyi mmekaa mezani mnanuniana. Hata hivyo usikimbilie kwa mumeo. Siri ni ya baba, aitoe baba. Mkiwa wawili tu, mwambie hivi: "Baba, sitaweza kuendelea kunyamaza. Mwambie mwanao wewe mwenyewe, nami nitakaa pembeni yako. Ukishindwa wiki hii, nitasema mimi, na nitakuarifu kabla." Atakasirika. Mwache akasirike, na usiondoke kitini.

Halafu mpelekeni hospitali, mumeo akiwamo. Mtafutieni mkongojo mzuri, si ule wa kumwonesha kila mtu kwamba amezeeka. Na kibandani aende na treni ya pili, watu wakishapungua, kuna viti. Viatu vitamsubiri. Mumeo naye aambiwe wazi kwamba kumtunza baba si kumfungia.

Wasomaji, jibu hili nilimpelekea dada huyu kimyakimya kwanza, maana siri haikuwa yangu wala yake kuitangaza. Ameniandikia tena. Mzee alimkasirikia kweli, hakumsemesha siku nzima, kisha akamwita mwanawe uani akamweleza yote. Mwana akauliza, "Mbona hukuniambia, baba?" Mzee akajibu, "Nilikuogopa." Basi mume akaingia jikoni akamwomba mkewe radhi, mke akamsogezea kiti.

Daktari amegundua mishipa ya mgongo imebanwa, na matibabu yameanza. Baba anatembea polepole, lakini anatembea.

Barua hizi nazichapisha kwa ruhusa ya mzee. Alisomewa, akasikiliza mpaka mwisho, akatoa sharti moja: niwaambie wateja wake kwamba amerudi kibandani, anafika na treni ya pili, na wale walioviacha viatu muda mrefu waje wavichukue, kwa sababu hana pa kuviweka.