Nimemcheka Zombi, Kumbe Ni Mama Mkwe

Mpendwa Mshauri Odessa,

Naomba msaada wako, tena naomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana jambo hili siwezi kumweleza mtu yeyote hapa Tallow Creek, nikimweleza leo kesho linasimuliwa kwenye foleni ya benki, na mimi ni mke wa mtu, nina watoto wawili wakubwa, na kanisani Jumapili ndiye ninayepitisha sahani ya sadaka upande wa kushoto.

Unaujua mji wetu. Ile tamthilia ya mazombi, Kaunti ya Mwisho, ilipigwa picha hapa misimu tisa, hakuna ukuta wa mji huu ambao zombi hajauegemea, hata duka la mbegu na mbolea linauza fulana zenye damu. Sasa ile ya zamani imezaa mtoto, Kaunti ya Mwisho: Ng'ambo ya Mto, na tangu ianze mwezi uliopita watu hawasemezani. Wapo wanaosema imeharibiwa kwa sababu mazombi wa sasa wanapanda ngazi, na misimu tisa sote tumeokoka kwa kukimbilia ghorofani, sasa tukimbilie wapi? Wapo wanaosema afadhali, ile ya zamani mwishoni ilikuwa inajikokota kuliko mazombi wenyewe. Kinyozi wetu, Bwana Purvis, alimfukuza mteja akiwa bado na povu usoni kwa kusema tu kwamba yule shujaa wa ile ya zamani kutokea dakika mbili katika hii mpya inatosha.

Mimi nipo upande wa wanaolalamikia ngazi. Na hapo ndipo siri yangu ilipo, Mshauri, maana Mama Jeneza ni mimi. Ndiyo, yule yule wa mtandaoni. Kila Jumatatu saa tisa mchana, mume wangu Dewitt akiwa kazini, nakaa jikoni chini ya ile saa ya ukutani ya kindege, kinachochomoza kulia kila saa, aliyotuzawadia mama yake siku ya harusi, navaa kichwani mfuko wa karatasi wa dukani niliotoboa macho, naweka chai baridi ya sukari mbele yangu, nakazana kufanya sauti nzito, na kuisema sehemu ya tamthilia ya jana yake tangu mwanzo mpaka mwisho huku najirekodi kwa simu. Nilianza kwa utani, nikajikuta nina wasikilizaji elfu arobaini. Hata Dewitt hajui. Anadhani mifuko inaliwa na panya.

Basi sehemu ya tatu akatokea zombi mmoja bibi, gauni la kijani, nusu ya taya imeoza, anavuka uwanja wa mahakama peke yake. Hafanyi kitu, anapita tu. Lakini namna alivyopita, Mshauri! Nikasema, "Jamani, huyu mfu gani? Huyu hatafuti nyama ya mtu, huyu kaja kukagua jiko la mwenziwe kama sahani zimeoshwa." Nikainuka na mfuko wangu kichwani nikamuigiza kutoka kwenye friji mpaka mlangoni na kurudi. Kufika Jumatano kipande kile kilikuwa kimetazamwa na watu milioni mbili. Watu wakawa wanatembea vile kwenye maduka huko sijui Ohio. Nilifurahi kama mwehu.

Ijumaa mama mkwe wangu, Mama Vernelle, alikwenda saluni kwa Twyla kama kila Ijumaa. Twyla akatoa simu akawaonyesha kile kipande. Wanawake sita wakacheka mpaka vibano vikawadondoka, na Mama Vernelle akangoja wamalize, kisha akasema, "Huyo zombi ni mimi."

Nilipoambiwa nilitamani ardhi ipasuke. Inabidi ujue kwamba Mama Vernelle ana miaka sabini na nane, na tangu mumewe, Baba Harmon, afariki alikaa miezi kumi na minne na mapazia yamefungwa. Chakula cha matanga alichopikiwa na watu wa kanisa tulikikuta kwenye jokofu lake bado kina majina ya wenyewe juu yake. Kisha mwaka jana akaanza kutoka. Akatwambia anakwenda kwa daktari wa miguu huko mjini Macon, mara tatu kwa wiki, na Dewitt akamwandikisha kwenye orodha ya maombi kanisani. Kumbe alikuwa anakwenda kuwa zombi! Alikuwa ameweka saini kwamba hatamwambia mtu mpaka kipindi kionyeshwe, na yeye akisaini amesaini, akatuacha tuombee miguu yake majira yote ya joto. Tunayakumbuka hayo sasa, kwamba siku zile alikuwa anarudi na rangi ya kijani nyuma ya sikio na anaimba kwenye gari.

Jumatatu ile asubuhi alinipigia simu. "Corliss, mliangalia jana? Hamkuona kitu?" Na mimi nikasema, "Nimeona upuuzi mtupu, Mama, nina haraka." Alikuwa anangoja tumtambue, Mshauri. Nimemwona akitembea miaka ishirini na miwili, na sikumtambua.

Alitusimulia mwenyewe baadaye kwamba mwalimu wa mwendo wa kizombi aliwafunza wenzake siku nzima, watu wanapinda viuno, na alipofika kwake akamwambia, "Wewe mama usibadilishe kitu." Neno hilo alilichukulia kuwa sifa. Sasa juzi tukiwa tunamenya mapichi akaniuliza, hata hakuniangalia, "Corliss, hivi kweli mimi natembea vile?" Nikamwambia, "Hapana, Mama, ule ni uigizaji." Akasema, "Ahaa." Tangu siku ile ya saluni hajatembea kuja kwetu. Ni nyumba tatu tu. Sasa anampigia Dewitt amfuate na gari.

Na hayo siyo mabaya kuliko yote. Mabaya ni kwamba ameamua kumjibu Mama Jeneza kwa barua, na mwandishi wake ni mimi. Anasema macho yake hayaoni vizuri. Siku tatu mfululizo anakaa jikoni kwangu anasema, na mimi naandika, najitukana kwa mwandiko wangu mwenyewe. "Andika: Bibi wewe, mwenye mfuko. Mtu anayeficha uso kwa mfuko wa dukani ana uso gani huo? Umeandika? Andika: kikulacho ki nguoni mwako. Andika: chai hiyo unatia sukari nyingi, utakuja kupofuka. Na mwambie hicho kindege chake kinachelewa dakika kumi." Nikamuuliza kindege gani tena, Mama? Akasema, "Wewe andika tu, mwanangu, unauliza sana." Nikaandika. Nahisi ni uzee, wakati mwingine anachanganya mambo.

Jumapili hii jioni ndipo anapoonekana tena, sehemu ya sita. Kawaalika kanisa zima ukumbini, kila mtu na chungu chake, mimi nimepangiwa mayai ya haradali. Na kabla ya kipindi barua itasomwa mbele ya wote. Na msomaji ni mimi, kwa sababu ya hayo macho.

Mshauri, nifanye nini? Niufute ukurasa wa Mama Jeneza kimyakimya, nisome barua, nipige makofi na wenzangu, mambo yaishe? Au niugue Jumapili? Nikisema ukweli nitampoteza, na nikimpoteza huyu mama atarudi kwenye yale mapazia na itakuwa kazi yangu. Mama yangu mzazi nilimzika nikiwa na miaka kumi na tisa. Huyu ndiye niliye naye. Nakuandikia wewe kwa sababu Mama anakuamini, kila Alhamisi gazeti likifika anaanza na ukurasa wako, kisha ndiyo anageukia matangazo ya vifo, yale ya herufi ndogo kama sisimizi, anayasoma yote bila miwani.

Tafadhali sana usitaje jina langu.

Mkwe Mwenye Mfuko, Tallow Creek

*

Mkwe Mwenye Mfuko,

Majina yote nimeyabadilisha, hata la mji, ingawa wewe umeyamwaga kama mtu anayelisha kuku. Ila saa ya kindege siwezi kuibadilisha, maana bila hiyo barua yako haina maana, na ajabu ni kwamba wewe mwenyewe uliyeiandika hujaiona maana hiyo.

Rudi kasome ulichoandika. Mama mkwe ambaye macho yake hayaoni vizuri anasoma herufi za sisimizi bila miwani. Anakaa jikoni kwako siku tatu, na katika majiko yote ya nchi hii anajua kwamba kindege cha Mama Jeneza kinachelewa dakika kumi. Anakuambia andika "kikulacho ki nguoni mwako", na wewe unaandika, unaweka nukta, unamngojea aendelee! Kisha unaniambia ni uzee. Mwanangu, aliyezeeka hapo ni nani?

Anajua. Amejua tangu saluni kwa Twyla, mara ile kindege kilipolia kwenye simu. Saa ile aliinunua yeye. Mfuko umefunika uso wako tu, sauti yako nzito haimdanganyi mtu aliyekusikia ukiimba kanisani miaka ishirini na miwili, na jiko lote liko nyuma yako linaonekana, mpaka friji aliyokusaidia kuichagua. Wanawake wa saluni aliwaambia zombi ni nani. Mwenye mfuko ni nani hajamwambia hata mmoja. Hilo ulifikirie leo ukiwa unaosha vyombo. Alikuwa na uwezo wa kukuanika mbele ya wanawake sita, na hakukuanika.

Sasa nikugombeze kidogo, kwa sababu unastahili. Ulisema zombi yule "kaja kukagua jiko la mwenziwe". Milioni mbili wamecheka wasijue wanacheka nini, lakini wewe mdomo wako ulijua, kichwa ndicho kilichochelewa. Yale ni mambo yako na mama mkwe wako ya siku nyingi, na yalingoja mfuko ili yatoke. Sikulaumu kwa hilo, nami nina mkwe. Na nitakiri kwamba kipande kile nilikiangalia mara nne na pale kwenye friji nilipaliwa na biskuti. Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na mimi na wewe tutamwomba radhi mtu mmoja.

Kosa lako kubwa si kile kipande. Kosa lako ni mapichi. Alikuuliza, "Hivi kweli mimi natembea vile?" akijua anamuuliza nani. Alikufungulia mlango kabisa, akakushikia na kitasa, na wewe ukamwambia ni uigizaji. Barua hii ya siku tatu ni mlango ule ule anaubisha tena. Hataki kukuaibisha, mpenzi. Angetaka, angeisoma mwenyewe, na macho anayo. Anataka useme. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chako kimepangwa Jumapili jioni pamoja na mayai ya haradali.

Kwa hiyo sikiliza. Usiufute ukurasa. Usiugue. Usimpelekee pai, maana huku kwetu mtu akikosa anabeba pai, pai linaliwa, sahani inarudishwa imeoshwa, na neno lenyewe halisemwi mpaka watu wanazikana. Nenda mikono mitupu. Mwambie Mama Jeneza ni wewe. Mwambie ndiyo, anatembea vile, na kwamba katika mazombi wote wa kipindi kile, wapanda ngazi na wasiopanda, ni mmoja tu ambaye nchi nzima ilimkumbuka, na ni yeye, na hakufundishwa na mtu. Mwambie pia hilo la mama yako mzazi. Umeniandikia mimi, na hayo si ya kuambiwa mimi.

Jumapili usome barua yote, usiruke hata ile sukari. Ukimaliza, toa mfuko wako kwenye mkoba, uuvae. Watakucheka, na uwaache wacheke wamalize. Na Jumatatu saa tisa umkalishe Mama Vernelle kwenye kiti chako chini ya saa, umwekee chai yenye sukari anayotaka yeye, umpe simu, na wewe utembee kutoka kwenye friji mpaka mlangoni na kurudi huku yeye anakusema. Nadhani ana mengi. Mimi nitakuwa natazama.

Jambo la mwisho. Jibu hili ningekutumia kwa bahasha ya siri, lakini hukuacha anwani, na leo ni Alhamisi. Mtu ambaye huanza na ukurasa wangu ameshaanza. Kwa hiyo weka gazeti chini, vaa viatu, uende kwa miguu, ni nyumba tatu tu. Kisha mwombe atembee nawe kurudi kwako, katikati ya barabara, majirani wote wakiona, kwa mwendo wake, na wewe ufuate mwendo huo. Usimshike kiwiko mpaka akushike yeye.

Na kabla hujatoka, isogeze mbele hiyo saa dakika kumi.

Mshauri Odessa