Kati ya Gunia na Paketi

Munyaka,
S.L.P. 318,
Eldoret.

18 Novemba 1973

Mpendwa ndugu yangu Ndungu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na huyo mke wako ambaye bado sijaweza kulitamka jina lake vizuri. Je, kifua kimepoa? Uliniandikia kwamba baridi ya Uingereza inakuingia mpaka kwenye mifupa. Huku nako mvua imechelewa kukatika na asubuhi tunaamka ukungu umefika mlangoni, lakini baridi yetu unaijua, ukiota moto kidogo unaisahau.

Sisi hatujambo kiasi. Zachariah mume wangu anavuna mahindi, na mgongo wake unamsumbua kama kila mwaka. Watoto wanasoma. Nyakio, yule mwenye jina la Mama, amefanya mtihani wa darasa la saba na sasa tunangoja majibu. Habari ya Mama mwenyewe nitakupa, ila si hapa juu. Naomba usome barua kwa utaratibu wala usiruke, maana nakujua tangu utotoni, wewe ni mtu wa kutafuta mwisho kwanza.

Kwanza shamba. Kampuni yetu ya kununua ardhi imemaliza kugawa lile shamba la mzungu, na kila mwanachama ameonyeshwa mawe yake ya mpaka. Hisa ya Mama imempatia kipande kizuri upande wa chini, karibu na kijito. Alipoonyeshwa aliinama akashika udongo, akaupaka mikononi kama mafuta. Zachariah alitaka kumlimia chote. Mama akakataa, akasema nusu isiguswe kwa sababu hapo ndipo nyumba yako itakapojengwa. Basi sasa hapo kuna nyasi tu, na Jepkosgei jirani yetu ameruhusiwa kuleta ndama wake wazipunguze.

Sasa nijibu ulichoniuliza. Katika barua yako ya mwezi wa tano uliandika kwamba Mama asile tena vitu vya magunia kama vile ninavyouza mimi, kwa kuwa vina vumbi na panya, na kwamba fedha unayotuma ninunulie chakula chake katika duka kubwa la mjini. Ukaniomba pia nikulinganishie ubora na bei za huko na za kwetu, kwa haki, bila kutetea biashara yangu. Nilikasirika, Ndungu. Vitu hivyo vya magunia ndivyo vilivyokulea, na wakati ulipokuwa ukisoma vilisafiri nawe kwenye sanduku mpaka bweni. Lakini fedha ni yako na mama ni wetu sote, kwa hiyo nilifanya ulivyosema.

Duka lenyewe unalikumbuka. Ni lile la kona lenye vioo, ambako zamani sisi Waafrika tulihudumiwa kwa dirisha la nyuma. Dirisha lile limezibwa kwa matofali, na siku hizi wanaliita supamaketi. Unaingia kwa mlango wa mbele, unachukua kikapu cha waya na kujichagulia mwenyewe. Mara ya kwanza nilisimama katikati ya rafu nikingoja mtu aniulize nataka nini, mpaka mama mmoja wa mtaa wa West Indies hapa mjini aliyekuwa nyuma yangu akaniambia nitangoja mpaka wafunge.

Nikupe ukweli wao. Sukari yao ni kavu na mizani yao haidanganyi. Hapo wamewashinda vibaya baadhi ya wenzangu wa sokoni, ambao huinyunyizia sukari maji ili iwe nzito. Mchele wao hauna hata jiwe moja, na kwa mtu mwenye meno kama ya Mama hilo si jambo dogo. Mkate wao ni mzuri. Sina la kuongeza juu ya mkate.

Maharagwe ni habari nyingine. Ya kwao yamechambuliwa yakang'aa, lakini unayachemsha mpaka kuni zinaisha na bado yanakutazama. Ni ya zamani hayo, yamelala ghalani muda mrefu. Ya kwangu yana mawe, ndiyo, lakini yanatoka Kaptagat yakiwa mapya na yanaiva upesi. Halafu kwenye gunia mtu anaingiza mkono mpaka kiwiko, ananusa, anatafuna punje moja ajue kama imekauka. Paketi huwezi kuinusa wala kuitafuna. Unaamini picha iliyochorwa juu yake, basi.

Unga wao ni mweupe sana na watoto wanaupenda, lakini wanaomba chakula tena kabla sufuria haijaoshwa. Unga wa kinu chetu una pumba na unakaa tumboni. Maziwa ya kopo ni matamu kwa ajili ya sukari iliyotiwa ndani, si kwa ajili ya ng'ombe. Bei zao ziko juu karibu kwa kila kitu, isipokuwa majani ya chai na mafuta ya kupikia, ambayo ni bei moja kila mahali. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, mtu anunue sukari na mchele kwao, na vingine vyote anunue kwa gunia. Ningekuandikia hivyo tu nikafunga bahasha, kama si yale yaliyotokea Jumapili ya mavuno.

Siku hiyo Mama alisimama kanisani kupeleka kikapu chake cha mahindi mbele. Hakufika. Miguu ilimwishia nguvu katikati ya viti, akaanguka, na mahindi yakatawanyika hadi madhabahuni. Usiogope, yu hai. Tulimpeleka hospitali, akalazwa.

Muuguzi wa wodi ile ni Mluhya anayeitwa Sista Selpha, mkali kidogo lakini mwenye moyo. Alimtazama Mama macho na kucha, akamshika mkono, kisha akaniita kando. Akaniuliza huyu mama anakula nini nyumbani. Nilimjibu kwa kiburi, Ndungu, kwamba mama yangu hali vitu vya ovyo, kila kitu chake kinatoka supamaketi.

Akaniambia, "Mama, mimi nimekuuliza anakula nini. Sikuuliza unanunua wapi. Huyu ana njaa."

Nilitaka kubishana naye. Nilikuwa nimepeleka vikapu na vikapu kwenye nyumba ya Mama kwa mikono yangu. Unajua yeye hapiki jiko moja na mtu, hata nikimwomba. Kila jioni niliona moshi wake nikajua amepika, nikalala. Kumbe alikuwa anachemsha chai ya rangi na viazi vidogo, vile vinavyobaki shambani baada ya watu kuvuna.

Nilirudi nyumbani kumchukulia shuka. Nikafungua lile sanduku lake la bati lililo chini ya kitanda. Shuka ilikuwa juu, na chini yake kulikuwa na kila kitu nilichowahi kumnunulia kwa fedha yako. Paketi za unga zilikuwa zimepangwa vizuri kama vitabu, na wadudu wameshaingia. Sukari ilikuwa imeganda. Makopo ya maziwa yalikuwepo, moja limevimba. Biskuti zilifunikwa kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe, chenye herufi ya kwanza ya jina lako. Nilikaa sakafuni nikalia, na sikulia kidogo.

Alipopata nguvu nilimuuliza. Alinijibu bila haraka, kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu angepaswa kulijua.

"Hiyo ni ya Ndungu. Siku atakuja, atakuja na watu, pengine hata wazungu. Nitawapatia nini? Githeri ya mahindi na maharagwe?"

Nikamwambia, "Lakini Mama, hicho chakula ni chako. Yeye ndiye alituma ukule."

"Wewe Muthoni, nani anakula chakula ya mgeni kwa nyumba yake?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote aliyopika kwa yule mzungu wa Kaptagat, makopo na paketi vilifunguliwa wageni wakija tu. Yeye ndiye aliyefungua, akapakua, akasimama ukutani mpaka wamalize, kisha akarudi kwenye kibanda kula viazi nasi. Hajawahi kukiona chakula hicho kikiliwa na mtu asiye na mgeni. Wewe ulipokituma hakufikiri hata kidogo kwamba ni cha kinywa chake. Alifikiri unatangulizia mizigo yako.

Nikamuuliza tena, basi kwa nini hakuja dukani kwangu kuchukua maharagwe, kama alivyokuwa akichukua siku zote? Akanitazama kwa mshangao.

"Si ulinisomea mwenyewe? Ndungu amekataa nikule vitu ya gunia."

Umeona jinsi ilivyo, ndugu yangu? Ulisema asile vya gunia, akaacha, kwa kuwa ni wewe uliyesema. Ulituma vya paketi, akaviweka, kwa kuwa ni vyako. Sisi tulikuwa tunapima bora ni kipi na rahisi ni kipi, wewe huko na mimi huku, na Mama akawa amekaa katikati ya maduka mawili bila chakula. Nasema hivi si kwa kukulaumu wewe peke yako. Kosa la barua ile ni langu mimi niliyeisoma kwa sauti mbele yake, nikatilia mkazo pale pasipotakiwa, maana nilikuwa nimeudhika na nilitaka asikie mwanawe anavyodharau duka langu.

Sasa ameruhusiwa kurudi nyumbani, na Sista Selpha amesema dawa yake ni chakula, hakuna nyingine. Namletea ugali wa unga wetu wa gunia, anaonja kunifurahisha, anasukuma sahani. Mchungaji alikuja akaomba naye, kisha akamweleza kwa upole kwamba Mungu hapendi ajinyime. Mama akamjibu kwamba Mungu anajua, lakini mtoto wake ndiye aliyesema. Zachariah alitaka kulivunja lile sanduku, nikamzuia. Najua jambo hilo lingemuumiza kuliko kule kuanguka kanisani.

Aliyetusaidia mpaka leo ni Jepkosgei. Alikuja na kibuyu cha maziwa yake ya mala yaliyogandishwa, mursik wanavyoita wao, akakaa kitandani karibu na Mama kama dada yake. "Mama ya Ndungu," akamwambia, "hii haijatoka kwa gunia, na haijatoka kwa paketi. Hii imetoka kwa ng'ombe. Kijana yako amekataza ng'ombe?" Mama alifikiri. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu hospitali, akanywa kikombe kizima. Tangu hapo huletewa kila asubuhi. Lakini mtu hawezi kuishi kwa maziwa tu, na nguvu yake inapungua. Nikimshika mkono najisikia kama nimeshika kuni kavu.

Kwa hiyo nakuomba jambo, na naliomba kwa machozi. Mwandikie. Usimwandikie Kiingereza, andika Kikuyu chepesi. Mwambie ale vya gunia na vya paketi, ale chochote kilichoko. Lakini hilo halitatosha, na wewe unajua sababu. Akiendelea kukungoja kila mwaka ataendelea kuweka, na sanduku likijaa atatafuta lingine. Mwambie kile ulichoniandikia mimi peke yangu nikifiche. Mwambie umeoa huko, umepata kazi ya kudumu, na hutarudi tena kuishi huku. Nimeshindwa kuendelea kuibeba siri hiyo nikiwa mlangoni pake kila siku.

Utasema ataumia. Ataumia, ndiyo. Nimeliwaza hilo mpaka kichwa kikauma. Lakini maumivu ya kujua, mtu huweza kuyalia na kuoga na kula. Haya ya kungoja yanamla yeye.

Usidhani sijafikiria njia fupi. Mama hajui kusoma, na ningeweza kushika karatasi yoyote nikamsomea maneno ambayo hukuyaandika. Sitaki kufanya hivyo. Na hata ningetaka, nikishamsomea barua yako huichukua akaipeleka kwa mchungaji asomewe tena, kisha kwa mwalimu Kibet, apate kulisikia neno lako kwa sauti nyingine. Anakula barua zako kuliko anavyokula ugali.

Zachariah anakusalimu, anasema ile nusu ya shamba ataitunza vyovyote utakavyoamua. Nyakio na wadogo zake wanakusalimu. Jepkosgei anakusalimu ingawa hamjaonana. Shangazi Njambi alipita hapa akitoka Nakuru, naye anasema bado anakumbuka ulivyomchekesha ukiwa mdogo. Msalimie mke wako, umwambie sina kinyongo naye hata kidogo, na siku moja nitajifunza jina lake.

Bwana akulinde utokapo na uingiapo, akupe kazi ya halali na usingizi mwema, na akupe ujasiri wa kuandika barua ninayokuomba.

Nikupendaye na kukutegemea,
dada yako,
Muthoni

Nimeongeza hapa chini kwa kuwa karatasi bado ina nafasi. Mama ameingia sasa hivi akitembelea fimbo, akaniuliza namwandikia nani. Nimemwambia ni wewe. Amekaa, ameiweka mikono yake juu ya barua hii, na amesema nikuambie usihangaike kubeba chochote siku ukija. Chakula kipo.