Jipu la Baba na Kona ya Korongoni

Kaka Ovidio,

Fundi Nacianceno amesema leo asubuhi kwamba gia za jipu la baba, lile gari lake kuukuu, hazitengenezeki tena. Jumanne lilizimika mtoni tukimpeleka mume wangu Arcesio mjini Armenia kusafishwa figo. Tulichelewa, akasafishwa kwa muda wa saa moja tu badala ya saa nne. Miguu imevimba, mdomo bado mzima. "Bibi wee, tuuze wote wawili," aliniambia, "mimi na jipu, kwa bei ya chuma chakavu."

Mvua imekuwa nzuri, kahawa inaiva mapema.

Najua ulisema jipu lisiuzwe. Kuna mtu atalichukua atupe lori dogo, zima. Nimepima kwa kamba: lori halipiti kona ya korongoni. Kutoka hapo hadi nyumbani ni kilomita mbili, na Arcesio itabidi abebwe kwenye kiti. Majirani wanne wamekubali kumbeba, lakini mavuno yakianza watakuwa mashambani kutwa. Peke yangu simwezi.

Hata hivyo nimekubali lori, kwa sababu asiposafishwa atakufa. Mavuno yanaanza Jumatatu tarehe kumi na tano. Siku hiyohiyo anatakiwa hospitalini saa moja asubuhi.

Dada yako,
Fabiola