Nafasi Iliyozidi

Baba Adhis,

Nimekaa dukani hapa Sindo, mlango nimeurudisha nusu, nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kompyuta yako siwezi kuiwasha. Nitakueleza. Ila wewe hukupenda mtu akuletee shida kabla hajakusalimia, kwa hivyo pokea salamu kwanza.

Mama yako kule Rusinga yuko salama, ni mguu tu unaomsumbua. Kaburi tulilijengea kabla ya mvua. Adhis ameng'oka meno mawili ya mbele, na akiomba hadithi, akisema "sigana," unasikia upepo mtupu. Mimi bado nachapa barua za watu na vijitabu vya mazishi. Chako nilikichapa mwenyewe, nikakosea jina la shangazi yako na bado ananinunia.

Sasa shida yenyewe. Printa ilikufa. Nikanunua nyingine, nayo ikataka programu yake, kompyuta ikakataa ikisema diski imejaa. Nikamwita rafiki yako Oloo, akaja Jumatatu kutoka Homa Bay. Akasema tuondoe programu moja kubwa, na iliyomjia ni ile uliyoiweka ya kucheza rekodi. Ile inayotuma sauti yako kutoka kompyuta hadi simu yangu, Adhis akusikilize kila jioni akishaoga, ukimsimulia hadithi. Kuna mahali unakohoa, unamwambia mwanao "pole, nyathina," na yeye huisema pamoja nawe.

Nilikataa. Oloo akaniambia hapana, Mama Adhis, rekodi ziko kwa folda ya Baba Adhis mwenyewe, tunatoa programu tu, tutazicheza kwa nyingine. Akaandika amri ya kuifuta na kila kilicho chake. Kompyuta ikatuambia, kama kawaida yake, kwamba baada ya kazi hii megabaiti mia mbili hivi zitaachwa wazi, je, tuendelee? Tukaangaliana. Hadithi za miaka yote ile haziwezi kuwa mia mbili, si ndiyo? Basi hazimo. Hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyotupa moyo. Oloo akauliza, "Nibonyeze?" Nikasema, "Bonyeza."

Ilipomaliza, akaangalia diski. Zilikuwa zimefunguka gigabaiti kumi na moja. Oloo akasema tumepata nyongeza ya bure, na mimi nikacheka, Baba Adhis, nilicheka kabisa. Halafu nikamwona anaifungua folda yako, tupu.

Hukuwa umeziweka kwa folda yako. Ulizitia ndani ya programu yenyewe, kwenye ghala lake, na ilipofutwa ikaondoka na ghala. Oloo alinieleza huku hanitazami usoni. Ile hesabu inahesabu tu mizigo ambayo programu ilikuja nayo. Ulichokuja kukiongeza wewe haikijui, kwa hivyo haikukitaja. Haikutudanganya hata. Ningependa ingekuwa imetudanganya, ningekuwa na wa kumlaumu.

Nimekukasirikia pia. Siku za kwanza ulinikalisha mbele ya hiyo mashine ukaniambia, "Hiyo namba ni makadirio, Mama Adhis. Imetoka kwa mtu aliyefunga programu huko kwao, hajawahi kuona mashine yetu." Ukaniambia ikisema itachukua nafasi kiasi hiki, niweke zaidi, kwa sababu mzigo ukifunguliwa, ule uliofungwa bado uko pale. Kama dagaa wetu wa omena, gunia moja ukiianika inataka ufuo wote na gunia bado umelishika mkononi. Nilielewa. Lakini hayo yote ni ya kuingia. Ya kutoka hukunifundisha, nami sikuuliza, na sasa nitamuuliza nani?

Oloo alichomoa waya na betri. Akasema huenda rekodi bado zimelala mle ndani bila majina, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na kuwasha tu kunatosha kuandika. Kuna fundi Kisumu anayeweza kujaribu. Hakuahidi chochote. Nilimwekea chai, akaondoka bila kuigusa.

Kwa hivyo kazi imesimama. Jana alikuja mzee kutoka Magunga na picha ya mkewe ndani ya bahasha, anataka kijitabu cha Jumamosi. Nilimrudisha. Nilikuona wewe kwenye hiyo bahasha, nikashindwa hata kumpa pole vizuri.

Adhis nimemwambia mtandao umepotea. Jioni ya kwanza alikubali. Ya pili akaniuliza mbona mtandao unaleta jumbe za shangazi na wewe haukuleti. Nilijifanya napika.

Alhamisi tutaipeleka Kisumu, nitaipakata mwenyewe. Nakuahidi sitaiwasha, aje mteja gani. Na wakisema hakuna kitu, sitamtuma Oloo wala mama yako. Nitamkalisha mtoto mimi mwenyewe, nimwambie kwamba ni mimi niliyesema bonyeza.

Sijui nitaanzia wapi. Siku tuliyokuzika nilikuwa na la kumwambia, kwamba Baba amelala ila sauti yake amemwachia. Safari hii sina.

Pumzika, jaduong', mzee wangu. Tuko hapa.

Mama Adhis